Njooni kwa Pumzi Moja

Taraivini alikuwa barazani anamenya muhogo simu ilipotetemeka mfukoni mwa gauni lake. Alipoifungua akakuta wimbo mpya wa kaka yake Kolinio umeingia wenyewe, bila bahasha, bila mtu wa kuuleta. Akafuta mikono, akavaa miwani, akatazama. Herufi za sol-fa, zile d, r, m za wanakwaya, zilijaa kioo kizima, safu chini ya safu, na nukta za mapigo katikati yake. Akausoma mpaka mwisho. Kisha akarudi juu kuusoma tena, kwa sababu kuna kitu kilikosekana na hakukitambua mara moja.

Kumbe ni mistari. Wimbo mzima haukuwa na mstari hata mmoja chini ya noti.

Mtu asiyeimba atasema mstari ni kitu gani, si urembo tu wa karatasi. Shauri yake. Mwanakwaya anajua kwamba mstari ukipita chini ya noti mbili, tatu, nne, basi noti hizo zimeshikana mikono. Unaziimba kwa neno moja na pumzi moja, hukati. Ukiuondoa, kila noti inasimama peke yake kama yatima, na mwimbaji hana la kufanya ila kuipa kila moja neno lake. Kisiwa kizima cha Kadavu kinajua hivyo, hata watoto wa shule ya Jumapili.

Na mistari ya Kolinio ilikuwa kazi ya Taraivini tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Ujanani alikuwa karani wa kupiga chapa katika ofisi ya serikali pale kisiwani. Ofisi ilipoletewa kompyuta, mkubwa wake akamwambia aibebe ile taipureta kwake kabla haijatupwa baharini. Akaiweka mezani karibu na dirisha, akaifunika kitambaa alichokitarizi mwenyewe. Mashine ile haina mzaha. Ukitaka mstari, unapiga herufi kwanza, kisha unarudi nyuma hatua kwa hatua, kisha unapiga mstari chini ya kila herufi, ta, ta, ta, mpaka ufike ulikokusudia. Kila kipande cha mstari unakilipia kwa kidole. Na chuma kinauma karatasi kisawasawa, hata ukigeuza upande wa pili na kupapasa unausikia umevimba.

Kaka yake alikuwa anafanya hivyo hivyo. Taraivini aliambiwa na wifi yake Merewai, mke wa Kolinio: akiletewa karatasi, kabla ya kuisoma anaigeuza, anapitisha kidole mgongoni mwake, polepole, anatikisa kichwa, ndipo anaigeuza tena na kuanza kuimba kwa sauti ndogo. Taraivini alipoambiwa hivyo alicheka, akasema mzee amekuwa kipofu. Lakini usiku huo alifurahi mpaka usingizi ukachelewa.

Maana ni lazima ijulikane kwamba hao wawili, ndugu wa tumbo moja, walikuwa hawasemezani. Asikudanganye mtu kwamba waligombana. Kwao kaka na dada ni watu wa kuheshimiana, na heshima yenyewe ndiyo hiyo. Tangu siku Taraivini alipovunja ungo, Kolinio hakumwita tena kwa jina, hakukaa naye mkeka mmoja, hakumtazama usoni. Akiwa na neno anamwambia mkewe, na Merewai anavuka uwanja wa kijiji kulifikisha. Vijana wa mjini Suva siku hizi wanapigiana simu na dada zao, wanataniana, wanacheka. Hewala, zama ni zao. Hawa wawili walizeeka na mila yao, na katika nyumba ya Kolinio jina la Taraivini lilikuwa ni Mwenye Mashine.

"Mpelekee Mwenye Mashine," anasema, na daftari la penseli linakuja.

Basi walikuwa na mazungumzo yao humo. Kolinio alipenda kuchora mistari miwili chini ya Amina ya mwisho, na katika sol-fa mistari miwili haina kazi yoyote. Mara ya kwanza Taraivini alidhani ni makosa. Mara ya pili akaelewa kuwa ni asante. Tangu hapo, kila wimbo, alirudi nyuma na kuipiga Amina ile mistari miwili, mmoja juu ya mwingine, mpaka karatasi ikakaribia kutoboka, na hilo ndilo lililokuwa jibu lake kwa asante ile.

Sasa amekaa barazani na wimbo usio na mstari. Akaupitia mara ya tatu, safari hii akiuimba, na alipofika katikati ya ubeti wa mwisho kisu kikamponyoka.

Neno lilikuwa "njooni". Juu yake noti nne, zinashuka: do, ti, la, so.

Hakuna mtu mwingine duniani aliyebaki anayezijua noti zile. Mama yao alikuwa akisimama kwenye mchanga jioni, maji yakianza kujaa, Taraivini na Kolinio wako mbali kule kwenye miamba wanatafuta pweza, naye anawaita. Hakuwaita kwa majina. Aliita "njooni" tu, anaianzia juu, anaishusha taratibu kwa pumzi moja, ndefu, mpaka unadhani kifua chake hakina mwisho, na pumzi inapokwisha wao wameshageuka na wanarudi wakikimbia kwenye maji. Mama alikufa Taraivini akiwa bado hajaanza shule. Kaka na dada hawakuwahi kuzungumza juu ya sauti ile, wangezungumza saa ngapi? Miaka yote alijiuliza kama mwenzake anaikumbuka. Leo amejibiwa, tena na mtu aliyelazwa hospitali Suva, sukari imeshamkata mguu mmoja na sasa inamaliza figo. Taraivini akalia hapo hapo, maganda ya muhogo mapajani.

Jioni akampigia Merewai. Wifi alikuwa anaongea haraka haraka, kama mtu anayekimbia mvua. Alisema bahari ilichafuka, meli haikwenda Kadavu wiki mbili, na mwisho wa kupeleka nyimbo za mashindano kwenye ofisi ya kanisa ulikuwa umefika. Akamkuta huko huko Suva Vilikesa, yule kijana mwalimu wa shule aliyeshika kwaya tangu Kolinio augue, naye ana kompyuta, akampa daftari, na siku hiyo hiyo kazi ikaisha. Na isitoshe, vidole vya Taraivini vina baridi yabisi, kwa nini ateseke.

"Daftari lina mistari?" Taraivini akauliza.

"Mambo ya mistari mimi siyajui, wifi. Nilimpa kama lilivyo."

"Na kaka yangu anajua kwamba sikupiga mimi?"

Ikasikika sauti ya toroli la hospitali likipita.

"Nilimwambia umepiga wewe," Merewai akasema. "Asingelala, wifi. Kila nikiingia aliuliza, Mwenye Mashine amepokea? Amepokea? Nikasema amepokea, amemaliza, imependeza."

Taraivini hakumjibu kwa ubaya. Alisema tu kwamba atakuja na kwaya, wataonana.

Wiki ya mkutano mkuu wa kanisa ikafika, na wanakwaya wa kijijini wakapanda meli kwenda Suva na mikeka yao na vikapu vya majimbi. Kwaya ya kijiji chao cha Nukuvou, kama kwaya zote za visiwani siku hizi, nusu yake iko mjini. Kuna wanaofanya kazi Suva, kuna wa Nadi kwenye mahoteli, kuna wa viwanda vya Lautoka, na kila kundi linajifunzia kwake kutoka kwenye simu, halafu wanakutana siku chache kabla ya mashindano. Wakakutana kwenye ukumbi wa shule. Vilikesa akainua mkono, na wimbo ukaanza.

Ulikuwa wimbo mzuri, hilo halina ubishi. Taraivini, kwenye safu ya sauti ya pili, alisikia nywele zimemsimama. Lakini walipofika pale, wale wa mjini wakapasua: "Njooni! Njooni! Njooni! Njooni!" Noti nne, maneno manne, na kati ya neno na neno watu wote wanavuta pumzi, hiiih, kama mvukuto wa mhunzi.

Taraivini akafunga mdomo. Nyuma yake Semesa, mzee wa sauti ya nne na mtani wake tangu utoto, akamwinamia sikioni.

"Shangazi yetu amefungua banda," akasema. "Anaita kuku."

Siku nyingine angemjibu, na jibu lake Semesa angekwenda nalo mpaka nyumbani. Siku hiyo alisubiri mazoezi yakaisha, akamwita Vilikesa pembeni, akamwomba daftari la penseli. Kijana alikuwa nalo kwenye mkoba, amelifunga vizuri kwenye plastiki, maana alimpenda mwalimu wake. Wakalifungua. Mistari ilikuwepo yote. Na chini ya zile noti nne Kolinio alikuwa amechora mstari mnene kuliko mingine, amekandamiza mpaka ncha ya penseli imevunjika na kuacha doa. Chini ya Amina kulikuwa na mistari miwili.

Vilikesa akatoa kompyuta, akaapa kwamba mistari aliiweka, na kweli, alipoiwasha wakaiona, myembamba na safi, yote mahali pake. Akamwonyesha alivyofanya. Unazipitia noti unazotaka, zinabadilika rangi, unabonyeza mara moja, mstari huo. Unabonyeza tena, haupo. Taraivini alitazama kidole cha kijana kikileta mstari na kuufuta, kuuleta na kuufuta, bila jasho. Kitu kinachokuja kirahisi namna ile alijua hakina mizizi.

"Sasa ilikwenda wapi?" akauliza.

Kijana akaeleza huku anameza mate. Siku ile, kwa haraka, aliuchukua wimbo kutoka kwenye kompyuta akauweka kwenye ujumbe wa simu, akautuma kwa makundi yote ya kwaya kwa mara moja, na kwa ofisi ya kanisa pia. Herufi zilisafiri. Mistari haikusafiri. Hakutazama tena, kwa sababu kichwani mwake alikuwa anaiona. Na alipowasikia wa mjini wakipasua zile njooni nne, alidhani wameambiwa na mzee mwenyewe kule hospitalini, na wao walidhani yeye ndiye aliyetaka hivyo. Ofisi ilichapisha ule ujumbe kama ulivyofika, ikagonga mhuri, ikaziweka nakala kwenye bahasha za waamuzi.

Hapo ndipo Taraivini alipoona ukubwa wa jambo. Mwamuzi anakaa na karatasi yake na kalamu nyekundu, na kwaya ikiimba tofauti na karatasi, inakatwa maksi. Karatasi inasema kila noti peke yake. Kwa hiyo ukiimba alivyoandika Kolinio, umekosea. Ukiimba alivyokosea Vilikesa, umepatia.

Kijana hakulala juu ya kosa lake, tumpe haki yake. Asubuhi alinunua mzizi mkubwa wa kava, ule unaosagwa ukanywewa penye heshima, akajifunga sulu nyeusi, ile shuka ya kiunoni, akaenda na wazee wawili kwenye ofisi ya mkutano. Waliketi chini, wakautanguliza mzizi, wakaomba msamaha kwa maneno yote mazuri waliyofundishwa na baba zao. Wakubwa wa ofisi wakaupokea, wakapiga makofi kwa heshima, wakashukuru kwa maneno mazuri zaidi. Kava ikasagwa, ikanywewa, watu wakaulizana habari za nyumbani. Mwisho mkubwa akasema kwa upole kwamba bahasha zimeshafungwa, na akiifungulia Nukuvou itabidi azifungulie kwaya zote. Wakarudi. Ukipigwa kofi unaweza kulia, lakini ukikataliwa kwa adabu kama ile utamlilia nani?

Jioni kwaya ikakaa kikao. Wengi walisema mzee hajawahi kupata kombe maisha yake yote, mara zote amekuwa wa pili au wa tatu, na sasa siku zake zinahesabika. Apewe kombe. Wengine wakasema hizo njooni nne mbona zimechangamka, vijana wanazipenda. Vilikesa akamgeukia Taraivini.

"Mama, wewe ndiye dada yake. Sema neno moja, tutafuata."

Ukumbi mzima ukamtazama. Aseme nini? Aseme noti zile ni mama yake yuko ufukweni? Akisema, itabidi waambiwe wote, na neno lenyewe hata Kolinio hajaambiwa. Na akisema waimbe kwa pumzi moja, kombe litakwenda kwa wengine, na Kolinio ataambiwa kwamba dada yake ndiye aliyelizuia. Akainamisha kichwa, na kwa watu wa Nukuvou mwanamke mzima akiinamisha kichwa kikaoni amekubali.

Siku ya mashindano waliimba kama karatasi ilivyosema. Uwanja ulijaa, redio ilikuwa inarusha moja kwa moja, na wote walijua kwamba kule wodini Merewai ameweka redio ndogo juu ya mto, karibu na sikio la mumewe. Walipofika pale na kupasua njooni ya kwanza, watu wakaanza kupiga makofi. Njooni ya nne watoto waliokuwa kwenye nyasi wakaidakia. Taraivini aliimba pia. Alikuwa ameahidi moyoni kwamba atafumba mdomo, lakini mbele ya kamera na kombe, ukiwa katikati ya safu, mdomo si wako.

Wakashinda. Semesa alilia kama mtoto. Mwamuzi mmoja akasema kwenye kipaza sauti kwamba ule mwito wa mwisho, neno moja mara nne, una nguvu za ajabu, na kwamba hajawahi kuusikia mwito wa namna ile.

Wakaenda hospitali na kombe. Waliruhusiwa wachache tu, na Vilikesa akaliweka kitandani, karibu na mguu uliobaki. Taraivini alikuja nyuma yao. Kitanda kilikuwa na pazia la kijani la kuvuta, naye akasimama upande wa pili wa pazia, asionekane, kama ilivyompasa. Wageni wakatoka. Wakabaki watatu: mgonjwa ndani, dada nje, na Merewai mlangoni mwa pazia, mguu mmoja huku na mmoja kule.

Kolinio hakutaja kombe. Sauti yake ilikuwa imeisha, imebaki upepo tu, lakini pazia lilikuwa kitambaa chepesi na Taraivini alisikia kila kitu.

"Yupo?" aliuliza.

"Yupo."

"Mwambie Mwenye Mashine asiumie moyo. Mistari inachosha vidole, na vidole vyake vimezeeka." Akapumzika. Mashine ya kando ikalia mara mbili tatu. "Na alikuwa mdogo sana wakati ule. Pengine hakumbuki."

Merewai akatoka upande wa huku kufikisha maneno ambayo yameshafika. Aliyasema yote, bila kupunguza, macho yake sakafuni. Taraivini ameimba nyimbo zote za kaka yake, amempigia mistari yake yote, na leo anasamehewa kosa ambalo si lake, na juu ya hilo anaambiwa hamkumbuki mama yake.

"Mwambie nakumbuka," akasema chini chini, asisikike ndani.

Merewai hakwenda. Alimshika mkono juu ya kiwiko, akamsogeza hatua mbili mbali na pazia.

"Wifi, nakuomba," akanong'ona. "Akisikia unakumbuka, atauliza mbona basi mistari haikuwepo. Nitamjibu nini? Nimekuwa mke wake tangu msichana. Niache nimzike akiwa bado ananiamini."

Taraivini alimtazama. Alitaka kumchukia, Mungu anajua alitaka. Lakini miguu ya Merewai ilikuwa imevimba kwa kulala sakafuni chini ya kitanda kile, kwenye kipande cha mkeka, mwezi wa pili sasa, na gauni lake lilinuka dawa. Alidanganya ili mtu apate usingizi. Ungekuwa wewe ungesema ukweli?

"Mwambie," Taraivini akarudia kwa mnong'ono. "Neno hilo tu. Nakumbuka."

Merewai akaingia ndani ya pazia. Akainama, na sauti yake ikasikika wazi.

"Anasema asante kwa wimbo."

"Haya," Kolinio akasema.

Kitambaa kilikuwa chepesi. Mkono mmoja ungetosha kukivuta, na maneno mawili yangetosha kumaliza kila kitu. Taraivini alifungua mdomo. Sauti yake haikumlenga kaka yake tangu akiwa msichana, haikujua njia ya kwenda kule. Na hata ingetoka, ingetoka kama aibu, mzee anayekufa avunjiwe heshima na dada yake mwenyewe, mkewe aumbuliwe mbele yake. Alisimama hivyo mpaka muuguzi akaja kusema muda wa kuona wagonjwa umekwisha, mama, njoo kesho. Akafunga mdomo, akaenda.

Kesho haikufika. Kolinio alikufa kabla hakujakucha.

Walimrudisha Kadavu kwa meli, amefungwa kwenye mikeka mizuri na vitambaa vya magome ya miti. Njiani wasichana wa mjini waliosindikiza walikuwa wanaimba ule wimbo kwa sauti za chini, na kila walipofika kwenye zile njooni nne walijisahau wakatabasamu. Redio ilikuwa imeurusha wiki nzima. Kwaya mbili tatu za visiwa vingine zilikwisha kuomba karatasi, na zilitumiwa ile yenye mhuri.

Vilikesa alikuwa amekonda. Jioni ya kabla ya maziko alikuja kwa Taraivini, akakaa karibu na mlango, akasema kesho hakuna mwamuzi wala karatasi, wataimba alivyotaka mwenyewe. Akawakusanya wote kanisani, akaandika zile noti nne ubaoni kwa chaki, akachora mstari chini yake kwa mkono wake. Wakajaribu. Mara ya kwanza wakacheka, pumzi ziliwakatikia njiani. Mara ya pili ikawa afadhali. Mara ya tatu ikakaa, ikashuka yote kwa pamoja, na Taraivini akafunika uso wake kwa kitambaa cha kichwani kwa sababu mama yake alikuwa amesimama mle ndani. Aliwaza kwamba basi, hata kama Kolinio hatasikia, angalau atasindikizwa nayo.

Siku ya maziko jua lilikuwa kali. Jeneza likashushwa, Merewai akaanguka, wanawake wakamshika. Udongo wa kwanza ukadondoka, ule mlio ambao hakuna anayeuzoea, na hapo Vilikesa akainua mkono, machozi yanamtiririka, na kwaya ikaanza ubeti wa mwisho.

Taraivini alikuwa amejaza kifua. Alipofika kwenye neno akaianzia juu, kama mama, akaishusha, noti ya kwanza, ya pili. Ndipo akasikia, kulia kwake na kushoto kwake, mbele na nyuma, watu wakivuta pumzi. Hawakukusudia. Walikuwa wanalia, na mtu anayelia anaimba kile mdomo wake unachokijua. "Njooni!" wakapasua. "Njooni!" Vilikesa alikuwa anatikisa kichwa, mkono wake unachora mstari hewani, mrefu, anauvuta, anawasihi, na hakuna aliyemwona. Taraivini akang'ang'ania. Akashika noti yake peke yake katikati yao, kifua kinamwaka, vidole vya mkono wa kulia vinagonga paja lake, ta, ta, ta, vinarudi nyuma kutafuta mstari.

Kisha wakavuta pumzi tena, kwaya nzima kwa pamoja, naye akavuta pamoja nao. Akasikia sauti yake mwenyewe ikisema njooni, njooni, kama wengine, mpaka wimbo ukaisha na wanaume wakaanza kujaza udongo.